Umeme Hauna Ghala

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini iko bidhaa moja ambayo ni vigumu kuiweka akiba kwa wingi, nayo ni umeme. Mahindi yaliyozidi huwekwa ghalani hadi wakati wa njaa; umeme wa kuutosha mji mzima hauna budi kutumiwa papo hapo unapofuliwa. Ndiyo sababu historia ya umeme katika nchi zetu ni historia ya ujirani.

Mnamo Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja, mahali Mto Naili utokapo katika Ziwa Victoria. Uganda ikawa na umeme kupita mahitaji yake, hali Kenya ilikuwa na upungufu. Mwaka huohuo ikaundwa kampuni ya kujenga njia ya nyaya kutoka Tororo hadi Nairobi, na kwa mkataba wa miaka 50 Uganda ikakubali kuiuzia Kenya kilowati 30,000. Nyaya hizo zilipita juu ya vijiji vilivyoendelea kuwasha vibatari, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilifikiria kwanza miji na viwanda.

Huenda ukauliza, msomaji, kama mapatano hayo yalidumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Walakini Kenya haikuacha kununua umeme wa Jinja.

Kisha ukaja ukame wa 1999 na 2000. Mabwawa ya Mto Tana yakapungua maji, na umeme ukatolewa kwa mgao. Ikadhihirika kwamba ategemeaye mvua ya mahali pamoja hana hakika ya taa yake. Mvuke wa Olkaria haungoji mvua, lakini peke yake haukutosha. Mwaka 2005 nchi saba, miongoni mwao Kenya, Ethiopia na Misri, ziliunda umoja wa kuuziana umeme. Mwaka 2022 umeme wa Ethiopia ulianza kufika Suswa kwa nyaya zenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na mwaka 2024 nyaya za Kenya zikaunganishwa na za Tanzania.

Kujenga minara ni kazi ya mafundi. Kazi iliyo ngumu zaidi ni kukubaliana bei, na kuamua nani apewe kwanza wakati wa uhaba. Je, nchi iliyopungukiwa itatimiza ahadi yake kwa jirani huku raia wake wakikaa gizani? Swali hilo halina budi kujibiwa na watu wa rika lako.