Kiti cha fundi wa Buli

Katika mwaka 1979, mjini London, kiti cha enzi cha Waluba wa Kongo kiliuzwa kwa mnada. Sanamu ya mwanamke mwenye uso mrefu hukibeba kwa kichwa na vidole. Sasa kimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York.

Nani alikichonga? Mbelgiji Frans Olbrechts alitambua katika sanamu kadhaa mkono uleule. Zikaitwa kwa jina la kijiji cha Buli. Baadaye likasikika jina la mtu: labda Ngongo ya Chintu.

Wasomaji wapenzi, mnadani bei ilijulikana siku ileile. Jina la fundi twalisema mpaka leo kwa «labda». Basi, tukiwa na kitu cha wazee nyumbani, tuwaulize wangali hai: nani alikifanya? Tena tuliandike jina lake.