Fundi wa Salt River (Sehemu ya 6)

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Amani, Mkongomani muuza vinyago wa Greenmarket Square, amemletea Idrisa kitambaa cha buluu amshonee suti. Idrisa amempima kifua mara mbili na mabega mara tatu, ilhali wateja wengine wote huwapima mara moja. Alipouliza suti inatakiwa lini, Amani alijibu akiwa ameshafika mlangoni: "Fanya mbio, fundi. Harusi ni Jumamosi." Akaingia kwenye upepo, akapotea.

SASA ENDELEA...

Idrisa hakuuliza ni harusi ya nani.

Angeweza kumkimbilia. Kona haikuwa mbali, na upepo wa Februari ule wa kusini mashariki, ambao wenyeji wa Cape Town huuita Daktari, humfanya kila mtu atembee polepole akiwa ameinama. Lakini kutouliza alikuwa amekuzoea tangu zamani. Alifundishwa chini ya madaraja ya Nelson Mandela Boulevard, karibu na bandari, alikoishi na mabaharia wenzake wa Kitanzania wakivizia meli ya kuzamia. Pale humuulizi mtu ametoka kwao kwa sababu gani, wala usiku alikuwa wapi. Idrisa alitoka Ngamiani, Tanga, akashuka kwa mabasi na malori hadi Durban, kisha Cape Town. Alizamia meli moja tu, wakamkuta kabla haijaaga gati. Tangu hapo habari za Ulaya zikamtoka moyoni, akakumbuka kuwa baba yake aliwahi kumfundisha cherehani.

Anti Gadija ndiye aliyemwokota. Huyu ni mjane wa Salt River, mtu wa swala tano, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye viwanda vya nguo vya mtaa huo enzi vilipokuwa bado vinanguruma. Alimpa Idrisa chumba cha uani, Singer ya chuma na sharti moja: kodi tarehe mosi, bila hadithi.

Basi Alhamisi usiku fundi akakata kitambaa. Msomaji anayejua ushonaji atakubaliana nami kwamba suti ya siku mbili ni uhuni. Koti linataka kupumzika. Unalipiga bandi, unalitundika, unalitazama linavyoanguka, ndipo unaamua. Ukilikimbiza, bega litakusema mbele za watu. Idrisa alijua yote hayo, akashona tu, redio ikiwa imezimwa, huku akimfikiria mwanamke asiyemjua. Bila shaka ni Mkongomani. Bila shaka ni mrembo, wa kanisani, mwenye wajomba wengi.

Kwenye saa nane za usiku shetani akamjia na ushauri: punguza kwapa nusu inchi. Bwana harusi ashindwe kuinua mikono siku yake ya kucheza.

Akapunguza. Alfajiri akafumua, akashona upya, akaomba msamaha kwa kitambaa.

*

Ijumaa jioni Amani alikuja kujaribu. Hakuwa yule Amani wa vichekesho. Alikuwa ameshika simu mkononi kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

"Banasema balishafika Kavumu," alisema kabla ya salamu. "Kiwanja cha ndege kimeanguka. Kutoka pale hadi Bukavu ni karibu sana, fundi. Mama hashike simu tangu asubui."

Idrisa alikuwa amesikia. Huko mashariki mwa Kongo, Goma ilishachukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, na kila Mkongomani aliyepita dukani tangu wiki hiyo alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Hakujua la kusema. Kwao Tanga mtu akipata msiba unampa mkono na kukaa naye kimya, lakini huu bado haukuwa msiba, na kumpa mkono mtu ambaye hajafiwa ni kumchuria.

"Vua shati, tujaribu koti," akasema.

Nitasimama hapa kidogo, maana jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Fundi wa nguo ndiye mwanamume pekee katika miji yetu anayeruhusiwa kumzunguka mwanamume mwenzake kwa mikono yote miwili, mchana, mlango ukiwa wazi. Anapita mgongoni, anashika kiuno, anainua kidevu atazame kola, na hakuna anayegeuza shingo. Idrisa alikuwa ameishi ndani ya ruhusa hiyo miaka mingi bila kuitumia vibaya. Wateja walikuwa vifua na viuno, namba za kuandika ukutani kwa chaki. Hata wale wanaume wawili waliomletea suti zao za ndoa awapunguzie mikono, wakicheka na kugombea kioo, aliwahudumia ameinamisha uso, kisha akafunga duka mapema siku hiyo bila kujiambia kwa nini. Kwa Amani, namba zilikataa kuwa namba.

"Kuna nani mwingine Bukavu?" aliuliza, akiwa nyuma yake, akichomeka pini kwenye mshono wa mgongo.

"Mama." Amani alinyamaza. "Na bengine."

Idrisa aliipita hiyo "bengine" haraka, kama unavyopita nyumba yenye mbwa. Koo lake lilikuwa na jambo kubwa zaidi la kuuliza.

"Na bibi harusi? Yeye anatoka wapi?"

"Bibi harusi wa nani?"

"Wako."

Amani aligeuka ghafla, pini ikamchoma ubavuni. Akapiga ukelele, kisha, kwa mara ya kwanza jioni ile, akacheka. "Harusi ni ya Patrick, jirani yangu wa Parow! Miye ni wa kumusimamia tu."

Idrisa alijaza pini mdomoni apate sababu ya kutojibu. Akapiga goti kupima pindo la suruali. Kutoka huko chini, meno yakiwa yamebana pini, akasema kwa shida, "Msimamizi huazima suti."

"Ninayo suti, fundi. Iko nyumbani, tena ni muzuri kushinda hii."

Cherehani ilikuwa kimya. Huko mbele Anti Gadija alikuwa akimfokea mtu wa umeme kwa simu.

"Sasa?" Idrisa akauliza.

"Sasa nilikosa sababu ingine ya kukuya hapa."

Mafundi wana mikosi yao. Mwanamume anaweza kusubiri neno moja tangu ubarobaro, na siku linapotamkwa yeye yuko magotini na mdomo umejaa pini. Idrisa alizitema moja moja kwenye kiganja. Alikawia makusudi. Alipoinua uso Amani alikuwa bado anamtazama, na hofu ilikuwa imehama. Sasa aliyekuwa akiogopa jibu ni yeye, mwalimu wa hesabu wa zamani, mwenye sauti ya kunadi vinyago uwanja mzima ukasikia.

"Kuya kesho," Amani alisema. "Ukumbi uko Bellville. Saa kumi na moja."

"Nije kama nani? Kama fundi?"

"Kama Idrisa."

*

Jumamosi ile ilikuwa tarehe 15 Februari 2025, na yeyote aliyekuwa Cape Town anaikumbuka. Idrisa alikuwa ameshapiga pasi kanzu, akaibadili kwa shati, akairudia kanzu, simu yake ilipoanza kulia mfululizo. Imamu Muhsin Hendricks ameuawa. Amepigwa risasi asubuhi huko Bethelsdorp, Gqeberha, akiwa ndani ya gari lililozibiwa njia, na watu waliofunika nyuso. Video ilikuwa tayari inasambaa kwa wale wanaopenda kusambaza.

Hendricks alikuwa mtu wa Cape Town. Tangu 1996 alisema wazi kuwa yeye ni Mwislamu na anapenda wanaume, na kule Wynberg alianzisha Masjidul Ghurbaah, msikiti wa wale ambao misikiti mingine huwaona wageni. Idrisa aliwahi kwenda Ijumaa moja. Alikaa karibu na viatu, akaswali, akaondoka kabla ya kupeana mikono. Alijiahidi kurudi.

Aliketi kitandani. Katiba ya Afrika Kusini inamlinda kwa jina kabisa, na tangu mwisho wa 2006 wanaume wawili wanaweza kuoana kisheria nchini humo, wakati kwao Tanzania sheria inazungumzia miaka thelathini hadi maisha gerezani. Hayo yote aliyajua. Lakini Katiba haipandi daladala na mtu usiku. Akavua kanzu, akaitundika.

Saa kumi na mbili Anti Gadija aliingia bila kubisha, macho yake mekundu. Alikuwa amelia, na kwa ajili ya nani, Idrisa hakuthubutu kukisia. Mama huyu hakuwahi kulitamka jina la imamu yule mbele yake, kwa uzuri wala kwa ubaya.

"Yule Mkongomani amechukua suti yake?"

"Ameichukua, Anti."

"Inamkaa?"

"Sijaiona ikiwa imepigwa pasi ya mwisho."

"Mimi nimeshona miaka arobaini," alisema mama, "na sikuwahi kumwacha mteja aingie harusini kabla sijamtazama mgongo." Akaweka noti za nauli juu ya cherehani. "Kodi yako si tarehe mosi? Ukifa leo nitamdai nani? Nenda, urudi."

*

Daladala ilifuata barabara ndefu ya Voortrekker, Maitland, Goodwood, Parow, abiria wakishuka na vifurushi vya Jumamosi. Ukumbi ulijulikana kabla ya kuonekana, kwa gitaa za rumba. Mlangoni kulinukia sombe na sambaza za kukaanga, zile dagaa za Ziwa Kivu ambazo mtu wa Bukavu hata umpeleke wapi atazitafuta. Akina mama walikuwa wanacheza, lakini kwenye kila meza palikuwa na simu iliyolazwa kifudifudi, na kila baada ya muda mkono uliigeuza. Ile ilikuwa harusi ya watu ambao mji wao ulikuwa unaanguka wakati keki inakatwa.

Amani hakuwemo ndani.

Idrisa alimkuta nyuma ya ukumbi, kwenye maegesho ya kokoto, amesimama peke yake kati ya magari. Suti ilimkaa. Bega la kushoto lilikuwa limepanda kidogo, kosa la haraka, na Idrisa aliliona hata gizani, akalisamehe.

"Nilisoma habari za yule imamu wenu," Amani alisema. "Nikajua hautakuya."

"Nimekuja kutazama mgongo wa koti."

"Tazama basi."

Idrisa alizunguka nyuma yake, akaweka kiganja kati ya mabega, mahali penye mshono wa kati. Hakuwa na futi shingoni wala chaki mkononi. Ruhusa ya ufundi ilikuwa imekwisha Salt River. Hapa alikuwa anashika tu. Amani alirudisha mkono nyuma bila kugeuka, akautafuta wake, akaupata. Walisimama hivyo wimbo ukaisha na mwingine ukaanza.

Simu ikalia.

Namba ilianza na 257. Burundi. Amani alibonyeza spika kwa kidole gumba, maana mkono wa pili ulikuwa na kazi.

"Amani? Mwana wangu?"

"Mama!"

"Tuko Rugombo. Tulivuka Rusizi jana, mu maji, usiku. Niko muzima. Miguu tu ndiyo inauma."

Amani alipiga magoti kwenye kokoto na suruali yake mpya. Alilia kwa sauti. Idrisa alichutama pembeni yake, akamshika bega lile lililopanda, na bila kujua akasema kwa nguvu: "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi."

"Tumelala uwanjani na batu wengi," mama aliendelea. "Lakini tuko bote batatu, Mungu ametuchunga."

"Batatu?" Amani akafuta uso. "Na nani, Mama?"

"Sasa unauliza nini? Na Furaha, na mutoto wenu. Amekuwa mukubwa, Amani, ungemwona alivyotembea. Kila siku anauliza papa yake atatuitisha lini huko Cape Town."

Mkono wa Idrisa ukabaki begani pale pale, lakini haukuwa umeshika tena. Bengine. Alimtazama Amani. Amani aliitazama simu kana kwamba ingeweza kuzimika yenyewe.

Upande wa pili kulisikika mvutano mdogo, simu ikibadilisha mikono, kisha sauti nyembamba ya mtoto, karibu kabisa na kipaza sauti:

"Papa? Huyo mutu anayesema hapo na weye, ni nani?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Amani atamjibu nini mwanawe, na Idrisa atasubiri kulisikia jibu hilo? Furaha naye ana ujumbe wake ambao bado hajautoa. Weka nakala yako mapema.