Namba 9811000

Asubuhi ya Machi 23, 2021, meli moja iligoma kusogea kwenye ramani za mtandaoni. Ilikuwa imekwama mshazari ndani ya Mfereji wa Suez, omo kwenye ukingo mmoja, tezi karibu na mwingine. Walioona neno EVERGREEN ubavuni walidhani ndilo jina lake, kumbe ni la kampuni ya Taiwan iliyoikodi. Meli ni Ever Given, mali ya kampuni ya Japani, bendera ya Panama.

Ndiyo maana wanaofuatilia meli hushika namba. Jina hubadilika, bendera hubadilika, mwenye mali naye hubadilika. Namba hubaki na meli mpaka inakatwa vyuma chakavu. Ya Ever Given ni 9811000. Zidisha 9 kwa 7, 8 kwa 6, 1 kwa 5, na 1 inayofuata kwa 4. Sifuri haziongezi kitu. Jumla ni 120, inayoishia na 0, na hiyo 0 ndiyo tarakimu ya mwisho ya namba. Mwandishi akikosea, mara nyingi hesabu humuumbua.

Kazi hii ya kufuatilia meli ilianzia London, katika mkahawa wa Edward Lloyd, mwishoni mwa karne ya 17. Manahodha, wenye meli na watu wa bima walikutana hapo kuulizana nani kafika na nani kapotea. Gazeti la Lloyd's List likaanza 1734, na daftari la sifa za meli likafuata 1764. Namba zilipitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari mwaka 1987, zikawa lazima 1996. Kufikia mwisho wa 2004 meli kubwa za safari za kimataifa zilitakiwa kuwa na mtambo unaotangaza wenyewe mahali zilipo.

Kwangu hilo ndilo badiliko kubwa. Habari iliyokuwa ya matajiri wa mkahawani leo anayo hata wakala wa forodha wa Mombasa, kwenye simu yake. Ila ajue: bandari inayokwendewa huandikwa na ofisa melini kwa mkono, naye husahau kuibadilisha.

Ever Given, yenye urefu wa mita 399.94 na nafasi ya makontena 20,124 ya futi 20, ilinasuliwa Machi 29. Ikazuiliwa katika Ziwa Kuu Chungu hadi Julai 7 kwa mzozo wa fidia, shehena ikiwa ndani. Ilitia gati Rotterdam Julai 29.