Sainte-Chapelle

Sainte-Chapelle ni kikanisa cha mtindo wa Kigothi jijini Paris, Ufaransa, kilichojengwa kwa amri ya Mfalme Louis wa 9 na kuwekwa wakfu mwaka 1248 ili kuhifadhi masalia, yaani vitu vinavyoaminika kuhusiana na mateso ya Yesu, hasa Taji la Miiba. Ghorofa ya chini ilikuwa ya watumishi wa ikulu. Ile ya juu, yenye madirisha 15 marefu ya vioo vya rangi, ilikuwa ya mfalme na jamaa zake. Baada ya Mapinduzi ya 1789 kiligeuzwa ghala la unga, kisha hifadhi ya nyaraka za mahakama, na vioo vya chini viking'olewa kupisha makabati, hasara kubwa kwa sanaa hiyo. Ukarabati ulianza karibu 1840. Sasa ni makumbusho.