Kazi Hufundishwa: Habari za Kilo-Moto na Mtihani wa Mwaka 1960

Katika jamaa nyingi za Ituri yuko babu aliyefanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto. Mmoja alikuwa mchimbaji, mwingine seremala, mwingine karani au kapita. Tunaposimulia habari za machimbo hayo twataja dhahabu, twataja posho, twataja na fimbo. Mara chache twauliza: watu wale walifundishwa kazi kwa shabaha gani? Yafaa tuulize, maana humo mna sababu moja ya taabu zilizoipata nchi yetu mwaka 1960, na mna shauri kwa kila anayeajiri watu hata leo.

Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na uchimbaji ulianza mwaka 1905, nchi ingali mali ya Mfalme Leopold II. Machimbo ya Moto, upande wa Watsa, yalifuata baadaye. Mwaka 1926 yote mawili yaliwekwa chini ya kampuni iliyoitwa SOKIMO. Siku za kwanza machifu walitakiwa kutoa watu, na wengi walikwenda kwa kulazimishwa. Mgeni alipewa koleo, akatazama wenzake wanavyofanya, akaiga. Muda wake ulipokwisha alirudi kwao, na ujuzi wake ukaondoka naye. Kesho yake alikuja mwingine asiyejua kitu.

Makampuni yaliiona hasara hiyo polepole. Kule Katanga, kampuni ya Union Minière ilianza mnamo mwaka 1928 kuandika watu kwa miaka mitatu badala ya miezi michache. Iliwaruhusu kuja na wake zao, ikawajengea nyumba, na watoto wao wakawekewa shule zilizosimamiwa na wamisionari. Haikuwa huruma tu. Wenye mali walipiga hesabu, wakaona kwamba mtu aliyekwisha kuizoea mashini ana faida kuliko mgeni mwenye nguvu. Hapo mafunzo ya kazi yalianza kupangwa: yupi afundishwe nini, kwa muda gani, na nani amsimamie. Wakapatikana mafundi, madereva na makarani hodari.

Lakini ngazi ile ilikuwa na kipago ambacho Mwafrika hakuruhusiwa kukivuka. Tutazame kazi ya uganga. Mwaka 1936 ilifunguliwa Léopoldville shule ya wasaidizi wa madaktari. Vijana walisoma miaka minne, kisha wakafanya kazi hospitalini miaka miwili chini ya uangalizi. Walikuwa watu wenye akili na bidii, wakatibu wagonjwa wengi. Hata hivyo jina lao lilibaki lile lile, wasaidizi. Jeshini hali ilikuwa hiyo hiyo: Mkongo alipanda mpaka cheo cha ajuda, na maofisa wote walikuwa Wazungu. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu.

Tusiseme kwamba Wabelgiji hawakufundisha. Shule za msingi zilikuwa nyingi sana, na mafundi wa Kongo walisifiwa. Kosa lilikuwa katika mpango wenyewe, ambao haukukusudia mwanafunzi ashike siku moja mahali pa mwalimu wake. Mwaka 1955 Profesa Van Bilsen wa Ubelgiji alitoa shauri la kuwaandaa Wakongo kujitawala kwa muda wa miaka 30. Wakubwa wengi walimkasirikia, wakaona anakwenda mbio. Kumbe miaka iliyobaki haikuwa 30, ilikuwa 5.

Uhuru ukafika tarehe 30 Juni 1960. Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Hapakuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Tarehe 5 Julai askari walianza kuasi, na katika wiki chache maelfu ya Wabelgiji wakaondoka. Hospitali zikabaki na wasaidizi, ofisi zikabaki na makarani. Huo ndio uliokuwa mtihani wa mafunzo ya miaka 50: mwalimu ametoka, je, kazi inaendelea?

Katika nchi hiyo hiyo, kwa watoto wa vijiji vile vile, palikuwa na mpango mwingine. Stefano Kaoze alipewa upadre mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati zetu. Masomo yake yalikuwa marefu, lakini hakufundishwa ili awe msaidizi wa padre. Alifundishwa awe padre kamili. Kufika mwaka 1960 mapadre Wakongo walikuwa mamia. Hapa Bunia, Askofu Matthijsen wa Mapadre Weupe alipofariki mwaka 1963, aliyemfuata mwaka 1964 alikuwa Gabriel Ukec, mwana wa nchi. Hatusemi hayo kwa kujisifu, maana hata katika Kanisa maaskofu walikuwa karibu wote wageni mpaka miaka ile. Twasema tu kwamba mwisho wa safari ulijulikana tangu mwanzo.

Baada ya mtihani ule, nchi ilianza kutengeneza. Wasaidizi wa madaktari wapatao 60 walipelekwa Ufaransa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, na baada ya miaka michache tu walianza kurudi wakiwa madaktari. Basi uwezo walikuwa nao zamani. Kilichokosekana ni ruhusa na mpango. Kisha, tarehe 29 Juni 1964, ilianzishwa INPP, taasisi ya taifa ya kuwaandaa watu kwa kazi, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Hiyo huwafundisha hata wale walio kazini tayari. Waajiri huichangia kwa kadiri ya mishahara wanayolipa. Hivyo mwajiri asiyeweza kujenga shule yake anaweza kumpeleka mtu wake kwenye shule ya wote. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 nayo yamtaka mwajiri awaendeleze wafanyakazi wake.

Tena katika miaka hiyo hiyo, 1959 na 1960, mwalimu mmoja Mmarekani, Donald Kirkpatrick, aliandika makala juu ya namna ya kupima mafunzo ya kazi. Aliweka maswali manne. Je, wanafunzi waliyapenda mafunzo? Je, walijifunza kweli? Je, wanafanya kazi tofauti na zamani? Je, kazi yenyewe imepata faida? Wengi wetu huishia katika swali la kwanza, au twahesabu vyeti vilivyotundikwa ukutani. Swali la tatu na la nne hujibiwa miezi mingi baadaye, penye kazi.

Na Kilo-Moto? Mwaka 1966 ilikuwa mali ya dola. Mwaka 1982 raia waliruhusiwa kuchimba wenyewe, na machimbo madogo yakaenea. Vita vilivyofuata viliharibu mengi. Mwaka 2013 mgodi mpya wa Kibali ulianza kutoa dhahabu katika nchi ya Moto ya zamani, kwa mashini ambazo babu zetu hawakuziota. Vijana wa kwetu wanatafuta nafasi huko. Ni haki kuuliza si idadi ya walioandikwa tu, bali pia wanafundishwa kufika wapi.

Swali hilo latuhusu na sisi wenye karakana, zahanati, duka au shule. Kabla ya kumfundisha mtu, tujue tunataka aweze kufanya nini. Tunapomfundisha, tumpe kazi yenyewe mkononi, si maneno tu, nasi tukae karibu. Baadaye tumpime kwa njia iliyo rahisi kuliko zote: tuondoke wiki moja. Tukirudi tukakuta kazi imesimama, tusimlaumu upesi yule tuliyemwacha. Tuutazame kwanza mpango wetu, tuone kama tulikusudia kweli kwamba siku moja ashike funguo.