Taksi ya umeme haikuanzia Nairobi

Mkazi wa Chapwa, hapa Tunduma, hahitaji kusimuliwa habari za malori. Shaba na kobalti kutoka Zambia na Kongo hupita Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam, na sehemu ya mzigo huo huishia kwenye nyaya, mota na betri za magari ya umeme ya watu wengine. Magari yenyewe tunayazungumzia kama kitu cha juzi. Ifikapo 2027 taksi ya umeme itakuwa imetimiza miaka 130, na mji wa mpakani unaoishi kwa usafiri una kila sababu ya kuijua historia hiyo kabla wauzaji hawajapiga hodi.

London ilizipata taksi hizo Agosti 1897, zilizobuniwa na Walter Bersey. Wakazi waliziita jina la ndege mdogo avumaye kwa mbawa, kwa sababu ya sauti na rangi zake. Miaka miwili baadaye zilikuwa zimetoweka barabarani.

Kisa kizito ni cha New York. Mwanahistoria wa Marekani David Kirsch, aliyeandika kitabu kizima kuhusu magari haya mwaka 2000, anakataa hadithi iliyozoeleka kwamba betri mbovu ndizo zilizoyaua. Nami baada ya kufuatilia mkasa huo nakubaliana naye.

Wabunifu wawili wa Philadelphia, Henry Morris na Pedro Salom, walianza mwaka 1897 na taksi 12. Betri ya risasi ya kila gari ilikuwa na uzito wa zaidi ya nusu tani, na kuichaji kulichukua saa nyingi. Hawakumwacha dereva akae akisubiri. Gari liliingia kituoni, mashine ikaichomoa betri iliyokwisha na kusukuma nyingine iliyojaa, na kwa dakika chache dereva alikuwa amerudi barabarani kutafuta abiria. Leo mwendesha bodaboda ya umeme anayebadilishiwa betri mjini anafanya jambo hilo hilo. Wala magari hayo hayakuwa ya kujikokota: Mei 20, 1899, dereva Jacob German alikamatwa Manhattan akiendesha taksi ya umeme kwa kasi ya maili 12 kwa saa, takriban kilomita 19, pale mwendo ulioruhusiwa ulipokuwa maili nane.

Kisha wakaja wenye fedha. Tajiri William Whitney na wenzake waliichukua biashara hiyo kupitia kampuni ya Electric Vehicle, wakatangaza maelfu ya taksi na kufungua matawi Boston, Philadelphia, Chicago na kwingineko. Hisa zilipanda kuliko magari yalivyoongezeka. Mwaka 1899 gazeti la New York Herald lilifichua kwamba kampuni ilikuwa imepata mkopo kwa udanganyifu, na imani ya wawekezaji ikaporomoka. Huko kwenye matawi, betri zilitunzwa na watu wasio na ujuzi, zikafa mapema.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa ajabu kuliko yote. Kampuni hiyo ya umeme ilikuwa imenunua hataza ya George Selden iliyodai kumiliki wazo la gari la petroli. Taksi zilipoyumba, ikageukia kudai mrabaha kwa watengenezaji wa magari ya petroli. Wengi walilipa. Henry Ford alikataa, akashtakiwa mwaka 1903, akashindwa mwaka 1909, akakata rufaa na kushinda Januari 1911. Kampuni ya taksi ilikuwa imeshafilisika tangu 1907. Kampuni iliyopaswa kulea betri ilitumia nguvu zake kwenye mahakama na soko la hisa, na gari la petroli likaachiwa uwanja kwa karne nzima.

Gari la umeme la Nissan Leaf lilipoingia sokoni mwishoni mwa 2010, taksi ya umeme ilifufuka. Mwaka 2018 kampuni ya EkoRent, yenye asili ya Ufini, ilizindua huduma ya taksi ya NopeaRide jijini Nairobi kwa magari hayo madogo, ikiyachaji kwenye vituo vyake, kikiwemo cha Two Rivers. Umeme wa Kenya hutoka zaidi kwenye jotoardhi, maji na upepo, kwa hiyo hesabu ya nishati ilikuwa upande wao. Walifikia magari kama 70. Desemba 2022 wakafunga, kwa kukosa mtaji wa kuendelea. Magari yalikuwa yanatembea.

Sisi tunajengewa njia ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, na bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Inaniuma kuona tunasafirisha madini ya betri huku mjadala wetu wa taksi ukiishia kwenye bei ya petroli. Halmashauri ya Mji wa Tunduma inapopanga maegesho ya taksi na bajaji, ipange papo hapo mahali pa transfoma na soketi, na iamue mapema nani atamiliki kituo hicho: mwekezaji wa mbali, Tanesco, au chama cha madereva wenyewe. Mimi ningeanza na madereva, kwa sababu wao ndio watakaobaki hapa mwekezaji akifunga virago.