Leja na Kompyuta: Historia ya Elimu ya Biashara na ya Kompyuta katika Sekondari za Mpanda na Mkoa wa Katavi

Insha hii inachunguza namna masomo mawili ya sekondari, yaani biashara na kompyuta, yalivyoingia Mpanda na katika eneo ambalo tangu Machi 2012 linaitwa Mkoa wa Katavi. Historia ya elimu nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kufuata nyaraka za sera: mwaka wa sera, malengo yake, kisha changamoto za utekelezaji. Utaratibu huo una manufaa, lakini huifanya mikoa ya pembezoni ionekane kuwa mahali ambapo sera huchelewa tu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Mpanda ilihitaji elimu ya hesabu za biashara kabla haijawa na shule za kuitoa. Tena, somo lililoweza kufundishwa huko kwa daftari na kalamu ndilo lililopewa hadhi ndogo, ilhali somo linalotegemea umeme lilisifiwa wakati umeme wenyewe ulikuwa wa mashaka.

Mji wa Mpanda ni zao la madini na reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi katika eneo hilo, na tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa takriban kilomita 210, lilijengwa kwa ajili ya mgodi huo na kufunguliwa mwaka 1950. Mgodi wa aina hiyo huendeshwa kwa karatasi kama unavyoendeshwa kwa sururu: kuna orodha za mishahara, stakabadhi za ghala na hati za mizigo. Katika Tanganyika ya kikoloni, kazi za ukarani wa ngazi za juu zilishikwa zaidi na Wazungu na Waasia. Mwafrika aliyefika mgodini alitarajiwa kutia alama ya kidole mahali ambapo mwingine alitia saini. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, reli ilibaki.

Uchumi uliofuata ulihitaji hesabu zaidi, si pungufu. Makazi ya wakimbizi kutoka Burundi yaliyoanzishwa Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978 yaligeuka kuwa maeneo makubwa ya kilimo, na tumbaku ikawa zao mojawapo la kuleta fedha. Mkulima wa tumbaku huchukua mbolea na pembejeo nyingine kwa mkopo kupitia chama cha msingi, hupima mzigo wake, hupangiwa daraja, hukatwa deni, ndipo hulipwa kinachosalia. Kila hatua huandikwa. Asiyeweza kusoma leja ya chama hulipwa anachoambiwa. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika mabadiliko yote mawili swali la nani anashika vitabu vya hesabu, na nani anaweza kuvikagua, liliendelea kuwa swali la mapato ya kaya nzima.

Je, shule zilijibu swali hilo? Kwa sehemu ndogo. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilidai kuwa shule imwandae mwanafunzi kwa maisha ya jamii yake, na katika miaka ya 1970 sekondari zikapangiwa michepuo: kilimo, ufundi, sayansikimu na biashara. Kuwapo kwa mchepuo wa biashara katika nchi iliyotangaza Ujamaa huwashangaza baadhi ya wasomaji wa leo, lakini hakuna utata mkubwa. Biashara iliyokusudiwa ilikuwa ile ya mashirika ya umma, kampuni za biashara za mikoa na ushirika. Mchepuo huo, kwa maoni ya mwandishi, ulilenga kutoa makarani na wahasibu wa dola kuliko wafanyabiashara, na kwa mahitaji ya tumbaku hilo halikuwa kosa: chama cha msingi kilihitaji karani mwaminifu kuliko kilivyohitaji tajiri. Tatizo lilikuwa umbali. Mkoa wa Rukwa, ulioundwa mwaka 1974 na kuimeza Wilaya ya Mpanda, ulikuwa na sekondari chache. Kwa kijana wa Mpanda, kuchaguliwa kuendelea na masomo mara nyingi kulimaanisha kupanda treni, na wengi waliohitimu walipata ajira kulekule walikokwenda.

Lugha iliongeza umbali mwingine. Mwanafunzi wa sekondari husoma biashara na utunzaji wa vitabu vya hesabu kwa Kiingereza, na kufanya mtihani wa Baraza la Mitihani katika lugha hiyohiyo. Chama cha msingi huandika na kujadili hesabu zake kwa Kiswahili: makato, gawio, mapato, hati ya malipo. Kijana anaweza kufaulu kusawazisha urari wa duka la kubuni lililo katika kitabu cha kiada, kisha akashindwa kumweleza baba yake kwa nini malipo ya msimu yamepungua. Kasoro hii haitibiwi kwa kuongeza vitabu vya aina ileile.

Historia ya kompyuta ilianzia upande wa pili kabisa, katika Hazina, ambako kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu, zuio lililokuja kulegezwa baadaye. Kwa hiyo, muhtasari wa somo la kompyuta kwa sekondari ulipotolewa katika miaka ya 1990, kizazi kizima cha walimu kilikuwa kimesoma na kuajiriwa bila kuigusa mashine hiyo. Zilifuata Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003 na ile ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ya mwaka 2007. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 2004, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulizaa shule za kata, ambazo hatimaye zilimwezesha kijana wa Mpanda kusoma karibu na kwao. Shule ilisogea, umeme haukusogea kwa kasi hiyo. Kwa miongo mingi mji wa Mpanda uliwashwa kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa, na njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ni kazi ya miaka ya karibuni kabisa.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mtihani wa somo la kompyuta una sehemu ya vitendo, na shule isiyo na mashine zinazowaka haiwezi kulifundisha kwa ukamilifu. Inaweza kufundisha sehemu za kompyuta ubaoni, kwa chaki, na mwanafunzi akachora kibodi safi daftarini. Msaada wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umefikisha kompyuta katika sekondari mbalimbali nchini, lakini mashine iliyofika bila umeme wa uhakika, wala fundi wa karibu, huishia kufungiwa kabatini. Nayo biashara haikunufaika na pengo hilo. Agizo la Rais Jakaya Kikwete la kujenga maabara tatu katika kila sekondari ya kata, lililopamba moto mwaka 2014, lilihusu fizikia, kemia na baiolojia. Wazazi walichangia, matofali yakafyatuliwa, na somo la leja likabaki la hiari.

Sera ya elimu, toleo la 2023, na mitaala iliyoambatana nayo imeugeuza mpangilio huo: elimu ya biashara ni somo la lazima kwa wanaoanza kidato cha kwanza katika mkondo wa jumla. Wanafunzi hao wanatarajiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wao wa nne wa sekondari. Kwa mtafiti atakayefuata, matokeo ya Katavi ya mwaka huo yafaa yasomwe sambamba na vitabu vya hesabu vya vyama vya msingi vya Katumba na Mishamo, kuona kama miongoni mwa wanaotia saini ukaguzi wa msimu wamo wahitimu wa shule za kata zilizo jirani.